Sauti ya Msimulizi wa Saba

Kwa miaka kumi na tisa mhazili wa Idara ya Masomo ya Jinsia alijulikana kwa jina moja tu, Bi Mhuri, kwa kuwa hapakuwa na karatasi iliyotoka mlango ule bila kupita chini ya mkono wake. Wanafunzi walimtania kwamba hata chafya yake ilikuwa na tarehe. Hakuchukia. Alikuwa mtu wa taratibu, na uliompa heshima kuliko zote ulikuwa utaratibu wa Tuzo ya Tasnifu Bora ya Shahada ya Kwanza.

Utaratibu huo ulizaliwa na aibu. Mwaka mmoja idara ilimtunuku kijana aliyedai kuwahoji wanawake kumi na wawili, kumbe kumi kati yao aliwazaa kichwani mwake. Tangu hapo mshindi hakutangazwa mpaka Bi Mhuri asikilize rekodi zote za mahojiano, tasnifu ikiwa wazi mbele yake, akitia alama ya penseli kila nukuu ilipolingana na sauti. Ndipo alipotia saini. Baada ya hafla alizifuta rekodi, kwani wasimulizi waliahidiwa hivyo: majina yawe namba, na sauti zisibaki.

Mwaka huu mshindi alikuwa binti mpole aliyeandika juu ya wanawake walioachishwa kazi kwa sababu ya mimba. Jina lake lilitakiwa ofisi kuu Ijumaa kabla ya saa nane mchana, la sivyo tuzo ingekwenda idara nyingine. Asubuhi hiyo zilibaki rekodi tatu. Bi Mhuri akavaa vipokea sauti, akafungua ya saba.

Kiti kilisogezwa. Mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na kabla neno halijatamkwa Bi Mhuri akakitambua. Mama yake alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita.

"Nikae wapi, mjukuu wangu? Hapa? Haya, kimashine chako kisije kikanishtaki." Mama akacheka, kisha akashusha sauti. "Ila kwanza tuelewane. Wasome wote watakaosoma. Lakini nina binti, anafanya kazi hukohuko chuoni kwenu. Haya si ya masikio yake, wala si ya macho yake. Niahidi."

Yule mwanafunzi aliahidi. Hakuuliza huyo mwana ni nani wala yuko ofisi gani, maana alifundishwa, na idara hiyohiyo, kutodadisi jamaa za msimulizi. Aliyashika maadili neno kwa neno, na kwa kuyashika akaileta sauti ile mikononi mwa mtu mmoja ambaye haikupaswa kumfikia.

Bi Mhuri akasimamisha rekodi. Zilibaki dakika hamsini na moja. Akitia saini bila kusikiliza, atakuwa ameandika uongo. Asipotia, binti wa watu atapoteza tuzo. Akisikiliza, atakuwa ameuvunja mlango uliofungwa na marehemu. Chai yake ilipoa. Saa nne na nusu alibeba kompyuta na tasnifu, akaenda kwa mkuu wa idara, mwanamke mcheshi ambaye wote walimwita Daktari.

"Kuna rekodi siwezi kuisikiliza," alisema. "Ni ya mtu wangu."

"Mtu wako nani?"

"Aliyenizaa."

Daktari, aliyekuwa na utani wa kila jambo, safari hii hakuwa nao. Alivaa vipokea sauti, akachukua penseli. Bi Mhuri alipaswa kutoka. Hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni akiusoma uso wa mwenzake: tabasamu dogo, alama ya penseli, nyingine tena. Kisha penseli ikasimama hewani. Daktari akavua miwani, akainua macho na kumtazama Bi Mhuri usoni, paji la uso, pua, kidevu, kama mtu anayelinganisha nukuu. Akayainamisha upesi.

Rekodi ilipokwisha aliweka penseli chini.

"Zimelingana zote," alisema. "Nikuambie?"

"Hapana."

"Hakukuomba wewe, dada. Alimwomba yule mtoto."

"Mtoto aliahidi kwa niaba ya idara. Na idara ni mimi."

Mbili zilizobaki alizimaliza mwenyewe. Daktari akatia saini yake kwa ile ya saba, mhuri ukagongwa, na jina likafika saa nane kasorobo. Wiki iliyofuata binti alipokea cheti huku ukumbi ukimpigia makofi, asijue alichokuwa amekibeba. Kesho yake Bi Mhuri alizifuta faili zote tisa, masikio yakiwa wazi, bila vipokea sauti.

Tangu siku hiyo Daktari hamtanii tena. Humuuliza kama amekula. Husimama karibu na meza yake zaidi ya haja ya kazi, na sauti yake imekuwa laini, kama ya watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Mwezi uliopita Bi Mhuri alikuwa akijaza fomu ya bima, Daktari akiwa nyuma yake akisubiri barua. Kalamu ilipofika penye jina la baba, alimsikia Daktari akigeuka ghafla kuelekea dirishani.

Aliliandika jina alilokua nalo, kwa herufi kubwa. Kisha akabaki ameinama juu ya karatasi, akingoja mtu aliye nyuma yake aachie pumzi aliyoizuia.