Mkazi wa Nyumba ya Mfano

"Msiba utakaa wapi?"

Swali hilo liliulizwa mbele ya watu, siku ya kuzindua nyumba ya mfano. Nilikuwa nimevaa fulana yenye nembo mbili kifuani, ya chuo upande mmoja na ya manispaa upande wa pili. Nilikuwa nimetoka kueleza jinsi matofali ya kufungamana yanavyopunguza saruji. Nilijua bei ya bati, upana wa madirisha na mwelekeo wa upepo unaoshuka Morogoro jioni kutoka milima ya Uluguru. Lakini katika mikutano yote niliyokaa hakuna aliyewahi kuutaja msiba.

Aliyeuliza alikuwa mama wa makamo, muuza ndizi na maparachichi yanayoshushwa kutoka Matombo, kijijini kwao mlimani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, chini kidogo, ukingoni mwa mto, na ukutani ilikuwa na alama ya X nyekundu. Watu wa ukingoni walitakiwa kuhama, maana kila masika maji yaliwafuata hadi jikoni. Mpango wa chuo na manispaa ulikuwa kuwajengea nyumba za bei nafuu pale juu, kama hii ya mfano, wazilipie kidogo kidogo. Mama huyo akikubali, wengi wangemfuata. Akikataa, siku moja tingatinga lingemkuta mle ndani na asingekuwa na pa kwenda.

Afisa mipango miji wa manispaa, kijana mcheshi, alidakia. "Mama, unataka nyumba ya kuishi au ya kufia?"

Watu wakacheka.

"Baba, ipo ya kuishi tu, watu wasimofia? Nionyeshe, nihamie leo na godoro langu."

Wakacheka zaidi, safari hii wakiwa upande wake. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti uliyesomea nyumba? Mama yangu yumo mle ndani, miguu imevimba, haamki bila mimi. Akifa leo watu nawaweka wapi? Juu ya bati?"

"Si mtampeleka Matombo?" nilisema.

"Kuzika ni Matombo. Kukaa ni hapa. Nimekaa misiba ya mtaa huu mzima, leo wakija kwangu niwaambie wasimame njiani?"

Nilitabasamu, na mpiga picha wa manispaa akatuita wote tusogee kwenye utepe.

Nyumba ilihitaji mtu wa kuijaribu. Mhadhiri aliyesimamia mradi alikuwa amechoka na maswali yangu tangu nikiwa mwaka wa pili wa usanifu majengo. "Wewe unayetilia shaka kila kitu," alisema, "kaishi humo masika yote, halafu utuambie." Nadhani alikusudia iwe adhabu ndogo, lakini mimi niliipokea kama heshima. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kupika, kuoga, na kusoma kipimajoto kilichoning'inizwa sebuleni asubuhi, mchana na jioni, kisha kutuma namba kwenye kundi la mradi.

Nilikuwa sijawahi kuishi peke yangu. Nimekulia Tabora kwa shangazi yangu, katika nyumba ambayo hata kulia ilibidi usubiri zamu yako. Baadaye zilikuja shule za bweni, kisha hosteli. Katika nyumba ya mfano nilisikia kijiko changu kikigonga kikombe, nikaacha kukoroga.

Tuliisifu nyumba ile kwa kuwa na kila kitu ndani. Jiko ndani, bomba ndani, choo ndani. Ilinichukua muda kutambua maana yake, kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kutoka. Majirani wa ukingoni walikutana bombani, wakagombana foleni ya choo, wakaazimana moto. Mimi nilifungua bomba langu, nikalifunga. Kibaraza kilikuwamo kwenye mchoro wa kwanza, kikaondolewa kupunguza gharama, kwa hiyo mlango ulifunguka moja kwa moja njiani. Ningetoa kiti nje, ningemzuia mtu kupita.

Watu walikuja, ila walikuja kuiona nyumba. Walibisha hodi wakiwa wameshaingia. Waligonga kuta kwa vifundo vya vidole, wakavuta maji ya choo, wakasikiliza yanakokwenda.

"Na huyu anauzwa pamoja nayo?" mwanamke mmoja alimuuliza mwenzake, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu wa maonyesho. Ukinunua wanamwondoa."

"Wamwache bwana, atanipikia."

Nilicheka nao. Kisha wakashuka na kicheko chao njiani, nikasimama dirishani nikikisikiliza mpaka kikaisha. Huko juu wingu lilikuwa limeufunika mlima, na mabati ya mji chini yalikuwa yameloa.

Aliyenisemesha mimi, si nyumba, alikuwa yule mama. Alikaa kwenye kibaraza chake akichambua ndizi, akapaza sauti kuvuka njia.

"Binti, kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Aliweka kichane chini. "Ndiyo maana! Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, wakilala popote walipochokea. Leo mjukuu anakuja kutufundisha nyumba!"

Utani wa makabila niliuona jambo la wazee, ruhusa ya kutukanana bila kesi. Lakini nilikuwa sijaongea na mtu tangu asubuhi, na jibu likanitoka. "Walilala nje kwa sababu Waluguru hamkuwafungulia mlango."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo aliniita mtani, na kila jioni alinirushia tusi moja kabla ya kuingia ndani. Nililisubiri. Siku ambazo mvua kubwa ilimzuia kutoka, sikutukanwa na mtu, na siku hizo zilikuwa ndefu.

Swali lake nililipeleka chuoni. "Msiba si kigezo cha usanifu," mhadhiri alisema, bila ukali. "Kuna kumbi." Na mimi ninayehoji kila kitu nilimhoji mama pia, moyoni. Huenda msiba ulikuwa kisingizio tu. Huenda alitaka kiwanja kikubwa zaidi, au alitaka tu kutuchelewesha. Watu hutumia wafu wao kwa mambo mengi. Nilipokuwa nikiwaza hayo nilimwona akimshika bibi, yule mama yake, mikono, akimtembeza kibarazani hatua moja moja, akimsemesha kwa Kiluguru kama anayemgombeza mtoto.

Kisha asubuhi moja ya mvua mama yangu akapiga simu kutoka Tabora. Shangazi ametutoka alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri. "Usihangaike mwanangu," alisema, "hutawahi." Kwa basi ningefika watu wameshatoka makaburini.

Niliandika kwenye kundi la mradi kwamba nimefiwa. Walijibu pole, mmoja baada ya mwingine, na vialama vya mikono iliyounganishwa kuombea. Mhadhiri naye aliandika pole sana, kisha chini yake, vipimo vya asubuhi tayari? Nilikwenda nikasoma kipimajoto. Nikatuma namba. Halafu nikakaa sakafuni, na ndipo nilipolia.

Lile dirisha pana tulilolisifia kwa upepo lilikuwa usawa wa njia. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akaniona. "Dada, kuna nini?" Nikamwambia. Alitua ndoo palepale, akashuka.

Muda mfupi baadaye walikuja, wanawake wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pale, mikeka kwapani, kanga vichwani. Yule mama alikuwa mbele. Sebule ilijaa kabla nusu yao hawajaingia. Waliobaki walijibana chini ya ukingo mfupi wa bati, migongo ikilowa.

"Sogea kidogo."

"Nisogee wapi, chooni?"

"Choo chenyewe si kimo humu humu? Utakaa kama mheshimiwa."

Walicheka, kisha wakakumbuka kilichowaleta. Mama alisimama mlangoni akawatazama walio ndani, akawatazama walio nje. Hakulirudia swali lake. Aliingia chumbani kwangu bila kuuliza, akatoka na godoro langu.

"Mtani," alisema, "huu msiba tunauiba."

"Mama, haina haja ya..."

"Mtani haombi. Anachukua." Akalipandisha kichwani. "Leo Mluguru anambebea Mnyamwezi mzigo. Babu zako wafurahi huko waliko."

Basi msiba wa shangazi yangu, ambaye hajawahi kukanyaga Morogoro, ulikaa katika nyumba yenye X nyekundu. Walifunga turubai kutoka kwenye mpera hadi kwenye nguzo ya kibaraza. Wanaume walikaa chini yake na viti vya kuazima. Uwanja ulikuwa mpana, umefagiliwa, na kila aliyefika alijua pa kukaa. Waislamu wa mtaa walimsomea shangazi, Wakatoliki wakakaa kimya, kisha wote wakanywa chai.

Mimi niliwekwa mkekani karibu na bibi, aliyetolewa nje kwa ajili yangu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Shangazi yake Mnyamwezi, mama," alijibu binti yake kutoka kwenye moto.

"Pole. Mtu mzima?"

"Ndiyo, bibi," nilisema.

"Hanishindi mimi. Na mimi nipo." Baada ya kitambo akauliza tena, "Nani amekufa?"

Alasiri mama alijifunga kanga kiunoni, kama watani wafanyavyo wanapomwigiza marehemu, akaniuliza shangazi alikuwa akitembeaje. Haraka, nilisema, kama aliyechelewa. Akatembea haraka kupita mbele ya watu. Hivi? Mkono mmoja kiunoni, nilisema. Akaweka mkono. Shingo ameinyoosha. Akainyoosha, na kwa hatua mbili tatu nilimwona shangazi akivuka uwanja ule kwenda kumfokea mtu. Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Sitaki kuifanya nyumba ya mama paradiso. Siku ya pili mto ulijaa na maji yakaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, ya rangi ya udongo wa mlimani. Wanawake walihamisha mafiga uwanjani kama watu waliozoea. Bibi alikuwa amelala chumba kilichofuata. Tulikuwa sahihi kwamba lazima wahame, na mama naye alikuwa sahihi. Nililala nikiwa na mambo hayo mawili, na sikuweza kulitupa hata moja.

Tulipoanua matanga alinikabidhi godoro. "Sasa beba mwenyewe. Ndiyo kazi ya kwenu."

Nyumba ya mfano ilikuwa kimya kuliko nilivyoiacha. Mwanzoni upweke wangu ulikuwa kama baridi tu, jambo la hali ya hewa. Sasa nilijua umbali wake kamili. Ulikuwa upana wa njia moja.

Masika yalipoisha niliitwa kwenye kikao cha chuo na manispaa kueleza niliyoyaona. Nilisema joto ni zuri, bati halivuji, choo kinafanya kazi. Kisha nikasema nyumba zijengwe kuzunguka uwanja wa wazi.

"Uwanja mtupu unavamiwa," alisema yule kijana wa manispaa. "Na kwenye ramani tutauitaje?"

"Uwanja wa msiba."

Ukumbi mzima ulicheka, yeye zaidi ya wote. Mhadhiri alitazama saa, tukaingia ajenda iliyofuata.

Mkataba wangu wa kukaa pale ulikwisha. Nilipokwenda kuaga, mama alikuwa akifunga ndizi kwenye kiroba.

"Umekubali kuhama?" nilimuuliza.

"Sijakubali wala sijakataa. Umeniletea jibu?"

"Sina."

"Basi nenda salama, mtani. Na usilale njiani."

Nilikwenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kuchora maghorofa ya watu wenye uwezo. Mama hakuwa na simu yake. Namba ya jirani aliyonipa iliita kwa muda, halafu ikawa haipatikani. Shangazi nilizoea kumkumbuka akitembea katika uwanja wa Morogoro, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Miaka ilipita kabla sijarudi. Nilikuwa nikitoka Dodoma kikazi, nikashuka Morogoro, nikapanda kwa miguu. Ukingo wa mto ulikuwa umeota matete. Juu yake nyumba zilikuwa zimejengwa, zile zile za matofali ya kufungamana, bila vibaraza, zimezunguka uwanja mpana wa udongo. Kwenye kona kulikuwa na kibao: Maegesho ya Magari. Sikuona gari hata moja. Niliona mashimo ya nguzo za turubai yaliyofukiwa nusu, na mafiga matatu meusi.

Mwanamke aliyekuwa akifua aliinua kichwa. "Wewe si yule wa maonyesho?"

Nilimuuliza kuhusu kibao. Akajibu huku akifua. Mama alikuwa amemfuata kijana wa manispaa ofisini mpaka akamchosha. Kijana akasema ramani haikubali mahali pasipo na kazi, mama akamwambia basi paandikie kazi yoyote, sisi hatusomi ramani. Akaandika magari. Ndipo mama akahama, na mtaa mzima nyuma yake.

"Kwa hiyo msiba wa bibi ulipata pa kukaa," nilisema.

Mwanamke aliacha kufua. Akanieleza yaliyotokea mwaka uliofuata baada ya mimi kuondoka, wakati sisi sote tukiwa na wasiwasi na miguu ya bibi. Msiba wa kwanza kukaa kwenye uwanja ule ulikuwa wa mama mwenyewe, muuza ndizi. Bibi walimtoa nje wakamweka mkekani katikati ya watu, na kila aliyekuja kumpa pole, bibi alimuuliza nani amekufa.