Jirani Yako Amefiwa

Baba yake mwenzangu alizikwa na watu wachache, na sababu yake ni mchezo tulioutengeneza sisi. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira hiyo sijaimaliza.

Mzee alikuwa mtu wa Kisarawe aliyehamia Kongowe, hapa Kibaha, kuuza nazi na mkaa. Mwanawe nilisoma naye. Tulipotaka pa kufanyia kazi, mzee alihamisha mkaa wake akatupa stoo, sisi na kompyuta zetu za mtumba. Mimi nilichora, mwenzangu akaandika programu. Mzee hakuuelewa ule mchezo, lakini hakukosa msiba wowote wa mtaa wetu. Hakujali dini ya marehemu. Alichimba makaburi ya watu wasiomhusu, alibeba majeneza mpaka bega likavimba. Ukimwuliza, anasema watu huzikana.

Mchezo wenyewe ulikuwa kijiji kwenye ule mtandao wa marafiki. Unalima mihogo, unafuga ng'ombe, majirani zako wanakuja kukumwagilia. Ulivuma kuliko tulivyoota. Akina mama wa maofisini walikuwa wanaamka kukamua ng'ombe ambao hawapo. Tukaajiri vijana, tukaweka kibao mlangoni, mwenzangu akaanza kujibu simu kwa sauti ya bosi.

Halafu wenye mtandao wakabadilisha taratibu. Mialiko yetu ikawa haiwafikii watu, wachezaji wakaanza kupotea. Ndipo mwenzangu akaja na wazo lake. Mchezaji akipotea, ng'ombe wake anakufa, na rafiki zake wote wanaletewa ujumbe wenye jina lake: Jirani yako amefiwa. Nenda kampe pole.

Nikamwambia wazi kwamba msiba hauchezewi, na kwamba sichori turubai wala mkeka wa kuupamba huo upuuzi. Akaniita mshamba. Akaupeleka bila picha, maneno matupu, na hayo maneno matupu ndiyo yaliyofanana na habari ya kweli.

Nani wa kwetu anaambiwa fulani kafiwa akakaa? Watu walimiminika mchezoni. Shangazi mmoja wa Mbwawa alifika Kongowe na kanga ya msibani kiunoni, sufuria la pilau mkononi, akamkuta mpwa wake anakula chapati. Mwenzangu alicheka mpaka machozi. Kufa kufaana, akasema. Baadaye watu walizoea. Ujumbe ukiingia, wanatupa pole moja ya utani na kuendelea na yao.

Mzee alifia Kisarawe, alikokwenda kuona mashamba yake. Ikabidi azikwe siku hiyo hiyo. Asubuhi mwenzangu akaandika kwenye mtandao kuwa amefiwa na baba, maziko ni baada ya adhuhuri, kisha akaingia kumwosha mzee. Wazee wa Kongowe wengi hawakuwa na simu za mtandao. Habari kama hizo waliletewa na watoto wao, na watoto ndio waliokuwa wachezaji wetu. Nilisoma majibu nikiwa njiani. Mmoja aliuliza ni ng'ombe gani tena huyo. Mwingine akatuma pole na picha ya fahali anacheka. Nilianza kupiga simu kama kichaa, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Wanakijiji walikuja, Mungu awalipe. Wa Kibaha waliingia kwenye gari moja dogo na nafasi ikabaki. Nikiwa barazani na wanawake nililiona jeneza likiondoka na wabebaji wale wale, bila wa kuwapokea. Nililia kwa uchungu na kwa aibu.

Mwenzangu aliuzima mchezo kabla ya arobaini. Vijana wetu wako viwandani Kwala, stoo ina saruji ya mtu mwingine.

Mwaka huu nilikwenda Kisarawe kumsalimia mama yake. Aliitikia marahaba, akanikaribisha chai, mwanawe akiwa amekaa hapo hapo. Hata kikombe sijakishika, akaniuliza lile ambalo huniuliza kila nikienda.

"Mwanangu, mume wangu aliwakosea nini watu wa Kibaha?"

Nilimtazama mwenzangu, nikingoja safari hii aseme.

"Watu hawana shukrani, mama," akajibu, akammiminia mama yake chai.