Kaa Hakujua Kusifia

Hotelini walimwita Ulimi. Baba yangu alisimamia jiko pale tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna sufuria iliyotoka kabla hajaionja. Wapishi wadogo walimletea kijiko, mkono mwingine umekinga chini matone yasidondoke, wakasimama kimya kumtazama mdomo. Akisema "Twende," walijibu "Ndiyo, mkuu," na chakula kikaenda mezani. Akinyamaza, mtu alirudi kwenye sufuria yake jasho likimtoka.

Hoteli ilipofungwa alikuja nyumbani na tangi la kioo lililokuwa likipamba ukumbi wa kulia, lenye maji ya chumvi, samaki wachache na kaa mmoja mwenye maringo. Alimwita Meneja, kwa sababu haendi mbele wala hafanyi kazi. Kila asubuhi alimsalimia Meneja kabla yetu, na Mama akanuna mpaka akazoea.

Siku moja jiwe la ndani ya tangi liliporomoka likambana Meneja gando. Baba alizamisha mkono na shati lake, akamtoa, gando limekatika nusu, jeraha linavuja, na samaki wameshaanza kulinyemelea.

"Lete beseni! Haraka!"

Nilikimbia mpaka kandambili ikachomoka. Hakutaka maji ya tangi, yasije yakaozesha kidonda. Alichanganya mapya kwa chumvi ya gunia, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Kipimo cha chumvi cha dukani alikuwa amekigawa zamani. Alisema ni cha watu wasio na ulimi.

Kufika kesho yake Meneja hali kitu. Alikuwa akiparamia ukuta wa beseni, anateleza, anaparamia tena. Baba akaonja.

"Hayana makali," akasema, akaongeza chumvi.

Mama akanitazama. Tangu homa iliyomlaza Baba kitandani, mchuzi wake ulikuwa chumvi tupu. Tuliula tukiusifia, Mama akiuzimua kwa maji ya moto kila Baba akigeuka. Nani angemwambia Ulimi kwamba ulimi umekufa? Mimi niliogopa, nasema kweli. Ila kaa hakujua kusifia. Akaanguka chali, miguu ikichezacheza kwa mbali.

Mama akanyakua kijiko. Akaonja maji ya tangi, kisha ya beseni, akayatema kiganjani.

"Baba watoto, haya yanaunguza."

"Yako sawa."

"Hayako sawa. Unamuua."

Baba akanigeukia mimi. Nikainamisha kichwa, na hilo likawa jibu. Akachota chumvi ya gunia konzi nzima, akaitia mdomoni, akatafuna. Tulisikia punje zikisagika. Uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa," Mama akasema.

"Na mchuzi wangu?"

"Huwa tunauongeza maji."

Nilidhani atalipiga beseni teke. Machozi yalinitoka mimi, si yeye. Yeye alisukutua mdomo, akapiga magoti, kwa maana Meneja hakuwa na muda wa kungoja aibu yetu iishe.

Akaanza kutia maji matupu kidogo kidogo, kwa sababu maji yakizimuliwa ghafla kaa hufa. Alitia, akakoroga taratibu kwa kidole, kisha akachota na kumnyanyulia Mama kijiko, mkono mwingine umekinga chini matone yasidondoke. Akamtazama mdomo.

"Bado," Mama akasema.

Akatia tena. Jasho lilimtoka. Mama akaonja, akanyamaza, na Baba akarudi kwenye beseni. Mguu mmoja wa Meneja ukajikunja, ukajikunjua, ukashika ukingo wa jiwe dogo tulilomwekea. Polepole akajigeuza, akakaa juu ya tumbo lake.

Baba alinyanyua kijiko kingine. Mama aliyaonja maji, akaenda kuonja ya tangi, akarudi akayaonja tena.

"Twende," akasema.

"Ndiyo, mkuu," Baba akajibu.