Cherehani ya Mama Matundu

Mama Matundu hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na mafundi wenzake, maana kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa moja tu: matundu ya vifungo. Shati lolote lililotoka karakana ile, liwe la mwanafunzi au la mlinzi, lilipita kwanza mikononi mwake. Cherehani ya matundu ilikuwa moja, nzito, tena ya kiburi. Akiinuka yeye akakaa mwingine, ilikata uzi papo hapo.

"Haiwajui nyie," alikuwa akiwacheka.

Miaka sita nyuma tajiri wao alifunga mlango akaenda zake. Mafundi wanane wakaufungua. Tangu hapo hapakuwa na bwana wala msimamizi. Vyombo vilikuwa vya wote. Hata kura hawakupiga. Aliyetaka mabadiliko alipewa siku moja, wote wakafanya atakavyo, jioni wakazungumza. Mama Matundu, aliyewahi kuomba ruhusa hata ya kwenda chooni, aliapa kuwa kibarua cha mtu hakirudii, labda azikwe kwanza.

Basi siku moja aliyeomba siku yake akawa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mkataji wa vitambaa. Huyu naye tajiri hakutaka hata kumsikia. Ila "cha wote" pia kilimkera.

"Cha wote ndicho cha nani, shemeji?" alisema, mkasi mkononi. "Kila mtu awe na chombo chake. Akitaka kumfanyia kazi mwenzake, wapatane wawili. Hakuna kulazimishana. Uhuru si ndio huo?"

"Njaa ikinileta kwako, nitakuwa nimepatana mimi au imepatana njaa?"

"Ah, shemeji, na maneno yako!"

"Chukua siku yako. Lakini wakikubali kugawana, mimi hapa sikai."

Asubuhi kila mtu alikaa na cherehani aliyoizoea, ikawa yake. Aliyekosa ni Kiraka, mama wa watoto watatu aliyejiunga mwezi uliopita. Walimwita hivyo kwa kuwa aliziba pengo la kila aliyeumwa, leo cherehani hii, kesho ile. Alisimama katikati ya chumba, tepu ya kupimia shingoni, hana pa kukaa.

Hadi saa nne mambo yalikwenda vizuri, tusiseme uongo. Watu walishona kwa bidii na shemeji alitembea kifua mbele. Kisha mashati yakaanza kukamilika, na shati bila tundu halifungiki.

"Mama, nitobolee haya, nitakushonea kola zako zote," akaja wa kwanza. Wa pili akapandisha dau. Kufika adhuhuri, marundo yalijaa viti vitatu, na watu walisema naye kwa sauti ile waliyokuwa wakimsemesha tajiri. Hata mkataji alisogea. "Shemeji yangu wa damu, anza na yangu basi."

Na Mungu amsamehe, aliona raha. Raha kweli.

Ndipo Kiraka akaja, macho chini. "Mama, kazi imekuzidi. Nichukue mimi. Nitashona vifungo, nitafagia. Utanipa utakachoona."

"Kaa pale nje kwanza," alisema Mama Matundu. "Nitakuita."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Yalikuwa maneno ya tajiri, neno kwa neno, yale aliyowaambia watafuta kazi kila asubuhi pale mlangoni. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo alilitazama lote, na aibu ikamchoma. Hakumlazimisha mtu; hapo shemeji alisema kweli. Na baya zaidi halikuanza siku hiyo.

Akazima cherehani, akatoa bisibisi mfukoni mwa aproni.

"Sikilizeni. Si kwamba haiwajui. Kuna skrubu ya kubana uzi hapa chini, na mimi huikaza kupita kiasi kila ninapoinuka. Miaka yote hii."

Mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Kumbe hata wewe una chako," alisema shemeji polepole.

"Hata mimi. Wa kwanza mimi. Nawahubiria cha wote, huku ufunguo nimeulalia." Machozi yalimlenga, hakuyafuta. "Sasa, shemeji, siku yako haijaisha. Chombo hiki ni changu mpaka jioni, au sivyo?"

"Ni chako."

"Basi nakitumia nipendavyo. Kiraka, njoo."

Akaikaza skrubu kama siku zote, akainuka kwenye kiti alichokikalia miaka kumi na minane, akamkalisha Kiraka, akamtia bisibisi mkononi. "Legeza robo mzunguko. Taratibu. Shemeji, vuta kiti, unayefuata ni wewe. Jioni tutazungumza habari ya kugawana, lakini tutazungumza sote tukijua kutoboa."

Shemeji aliutazama mkasi wake, akauweka mezani, akavuta kiti.

Tundu la kwanza la Kiraka lilitoka limepinda.

"Rudia," alisema Mama Matundu, akiwa amesimama.