Moyo wa Mdogo Wangu kwenye Foni

Moyo wa mdogo wangu haukujua kwenda kwa mstari. Ulipiga mara tatu, ukapumzika kama karani wa serikali, kisha ukakimbia kufidia. Muuguzi aliyemtibu alikuwa amehamia mji wa Lubudi baada ya hospitali yetu ya Kolwezi kuishiwa dawa. Kwa hiyo mara mbili kwa juma nilimshika mkono, nikahesabu mapigo kwa saa ya marehemu baba, nikapeleka hesabu misheni, kwenye redio ya mawasiliano tuliyoiita foni. Muuguzi akisikia namba, alinipa kipimo cha vidonge. Shule niliiacha wazazi walipokufa, lakini kuhesabu kulibaki kichwani.

Siri haikuwapo. Misheni zote za njia ya reli zilisikiliza. Mpishi wa mapadri wa Mutshatsha alidakia kila mara: "Leo ngapi? Mia na kumi? Aa, juzi ilikuwa muzuri!" Ungedhani ni matokeo ya mpira.

Kisha mji ukaamua kwamba sisi wenye asili ya Kasai ni wadudu. Tukatolewa kwenye nyumba ya kampuni aliyoifanyia kazi baba, tukawa tunalala katika uwanja wa shule karibu na stesheni, tukingoja mabehewa ya kutupeleka Kasai, nchi ambayo hata baba hakuwahi kuiona.

"Yaya," mdogo wangu aliniuliza, akiniita hivyo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "mududu gani iko na moyo ya kusumbua batu hivi?"

Siku ya kupanda treni ilipokaribia, moyo ukavurugika. Safari hii nikampeleka yeye mwenyewe kwenye foni. Muuguzi akasema namba haitoshi, anataka kusikia unavyotembea. Nikaweka vidole vya kushoto kwenye mkono wa mdogo wangu, na kwa mkono wa kulia nikagonga kikombe cha bati kwa kijiko, mara moja kwa kila pigo.

Mlinzi mmoja wa vijana wa chama kilichokuwa kikitufukuza, mwenye orodha ya wasafiri, akaingia mbio. "Unatuma siri Kasai!"

"Siri gani, tata?" nikamjibu, kama anayemwita baba. "Shika mwenyewe."

Akashika. Akakunja uso. "Hii moyo inalewa."

"Asipande treni," ikasema sauti ya Lubudi. "Kidonge kizima kila asubuhi badala ya nusu, mpaka moyo utulie."

Mlinzi akatuondoa kwenye orodha ya juma hilo. Tangu hapo alikuja kila siku kumshika mkono, akahesabu vibaya, akatushauri asile pilipili. Sijawahi kufukuzwa na mtu mwenye huruma kiasi kile.

Baada ya majuma mawili moyo ukatulia. Tulipokuwa mbele ya foni, mlinzi mlangoni, mdogo wangu akaninong'oneza: "Yaya, piga kombo-kombo kidogo. Tubakie."

Nilitamani. Lakini muuguzi angemwacha kwenye kidonge kizima, au angeongeza, na alikwisha kuniambia kwamba dawa ile ikizidi husimamisha moyo wenyewe. Nikagonga ukweli: tak, tak, tak, kama mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, bila haraka.

"Rudi kwenye nusu kidonge," muuguzi akasema. Mpishi wa Mutshatsha akapiga makofi hewani. Mlinzi akatoa kalamu. "Iko muzima," akatamka kama daktari, akaandika majina yetu.

Alhamisi tukapanda. Tulipopita Lubudi mdogo wangu akajishika mkono, akahesabu.

"Pigo moja tu, yaya," akasema. "Ulishindwa hata kukosea moja?"