Matanga Palee

Sisi wa Bunia tunaliita lile jumba Palee, ingawa hakuna mfalme aliyewahi kulala ndani yake. Lilijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya mkubwa wao, juu ya kilima kidogo, na baraza pana pande zote ili mkubwa apate kivuli popote atakapopeleka kiti chake. Baada yake walikaa wakubwa wa kwetu, kisha wanajeshi, kisha watu waliokimbia vijiji vyao, kisha mbuzi. Nilipokuwa mdogo nusu ya paa ilikuwa imeshang'olewa, na mama alitukataza kupita pale kwa sababu ya nyoka. Sasa limekarabatiwa. Lina mabati mapya, vigae sakafuni, kuta nyeupe mpaka macho yanauma. Na badala ya kumweka mkubwa mwingine ndani, safari hii waliamua kuweka maonyesho ya sanaa.

Mimi niliajiriwa kuwa gide, yaani mtu wa kuwatembeza wageni. Nafundisha shule ya msingi, nazungumza Kifaransa bila kukwama, na ilikuwa likizo. Direkta wa maonyesho, mama mmoja mrefu kutoka Kinshasa, miwani ikining'inia shingoni, alinipa masharti: mgeni asiguse kitu, asikalie kitu, asile ndani. Nilimwambia nimezoea kuwaambia watoto maneno hayohayo kutwa nzima. Hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka, nami si mtu wa kuchekesha, kwa hiyo tulielewana.

Sanaa yenyewe sikuielewa yote, na sioni aibu kusema. Chumba kimoja kilijaa madumu ya njano yaliyokatwa yakawa nyuso za watu. Hayo niliyapenda. Chumba kingine kilikuwa na video ya mtu anayetembea, anatembea tu, hafiki. Niliitazama mpaka miguu ikaniuma mimi. Lakini kazi iliyoleta mambo ilikuwa ile ya sebule kubwa.

Msanii wake alikuwa kijana wa Kinshasa, mpole, mwenye desturi ya kusalimia kila mtu mara mbili. Vitu vyake vyote alivinunua soko la Mudzipela: mikeka, viti vya plastiki, beseni, mafiga na kuni, na nguo za mtumba za mwanamume. Mikeka aliitandika kuzunguka sebule. Katikati alitandika mkeka mmoja peke yake, juu yake akalaza shati na suruali, mikono ya shati imenyooshwa, na viatu vimepangwa pale miguu ingekuwapo. Kando yake aliweka mafiga, na kuni ambazo hazikuwashwa. Karatasi ukutani ilisema kwa Kifaransa kwamba kazi hiyo inaitwa Nyumbani, na inahusu mtu anayefanya kazi mbali na nyumba inayomngoja.

Nilipomaliza kuisoma nilimwita. Nilimweleza kwamba kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usiletwe, nguo zake hulazwa mkekani hivyohivyo, viatu vikiwa miguuni, na wanawake hukaa kuzizunguka na kuzililia kama maiti. Wanaume hukaa nje kwenye moto. Kila mwanamume anayefika huja na kipande cha kuni na kukiweka motoni kwa mkono wake mwenyewe. Hatumi mtu. Kukiweka ndiko kusema kwamba amesikia na amekubali. Basi wewe, nilimwambia, hukuweka nyumba hapa, umeweka matanga. Alishangaa kweli. Kwao Kinshasa, alisema, matanga ni ukumbi wa kukodi, viti na muziki mpaka asubuhi. Akafikiri kidogo, akasema tuiache vilevile, tuone.

Tuliona. Wanawake wa kwanza walipanda kutoka sokoni baada ya kusikia kwamba kuingia ni bure. Barazani walikuwa wakitaniana kwa sauti. Walipofika mlango wa sebule vicheko vikakatika. Wakavua sandali, wakaingia wameinama, wakakaa mikekani na miguu imenyooshwa. Mimi na masharti yangu tukabaki tumesimama kama kisiki. Mmoja akaniita kwa mkono.

"Dada, ni nani alikufa?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyekufa, ni sanaa. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeambiwa jambo na mfiwa ambaye akili bado haijamtulia, na kabla ya kuondoka wakaacha sukari kwenye beseni. Kesho yake wakaja wengine, na habari ikazidi kuenea. Beseni likapata sabuni, chumvi, unga wa muhogo, na siku moja kuku aliyefungwa miguu. Direkta alisimama akamtazama yule kuku, kisha akaniuliza kwa Kifaransa kama naye ni sehemu ya kazi. Nilimwambia ni rambirambi. Akaagiza atolewe, akapewa mlinzi wa getini, na mchana wake getini kulinukia vizuri sana.

Nilisimulia hayo nyumbani tukila, na nilisimulia vizuri, maana baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka. Hapo nikakumbuka ninazungumza mbele ya nani.

Kaka yangu mkubwa alikwenda machimbo ya dhahabu, na miaka michache iliyopita shimo walimokuwa wakichimba lilibomoka. Wenzake wawili walikuja mpaka kwetu, mmoja Mkristo, mmoja Mwislamu, wakakaa wakilia kama watoto, wakasema alikuwa chini na hakutoka. Shimo halikufukuliwa. Baadaye mtu mwingine akaleta habari kwamba amemwona machimbo mengine, mzima, tena amenenepa. Baba aliishika habari hiyo ya pili na hakuiachia. Hakuna matanga kwa mtu ambaye kaburi lake hatujaliona, alisema. Akirudi akakuta tumeshamlilia, tutamtazamaje usoni?

Mama hakubishana naye. Lakini bila matanga hakuna aliyekuja kumpa pole, na yeye hakuwa na mahali pa kulia. Nyumbani jina la kaka lilitajwa kwa "akirudi" tu. Nguo zake zilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kila kiangazi mama alizitoa, akazifua, akazianika, akazirudisha. Mimi niliwaamini wale wawili waliolia. Nilimwambia baba mara moja tu, akaninunia muda mrefu, nami nikajifunza kufunga mdomo. Nilimkasirikia. Bado nilikuwa nimemkasirikia jioni ile akicheka na mchuzi ukimtoka puani.

Mama aliuliza swali moja.

"Na ile nguo iko ya nani?"

Nikamwambia haina mwenyewe, msanii aliinunua sokoni.

"Basi wanalilia bure," alisema, akaanza kukusanya sahani.

Siku chache baadaye nilikuwa barazani pikipiki ilipopanda kilima, na mama amekaa nyuma, amevaa kitenge chake cha kanisani, amepakata sanduku. Nilijua kilichomo kabla hajashuka. Ndani direkta alikuwa akiwazungusha wageni wake wa heshima. Nilitelemka ngazi haraka nikamzuia.

"Mama, hapa watu hawaruhusiwi kugusa kitu."

Ndiyo maneno yaliyonitoka, kwa kuwa nilikuwa nimeyasema siku zote hizo.

"Najua, ulishatuelezea. Shika hii." Akavua sandali zake akanipa mkononi.

Aliingia sebuleni miguu mitupu. Alilikunja shati la yule asiyekuwepo, akaikunja na suruali, taratibu, kama nguo za mgeni aliyelala kwetu, akaziweka juu ya kiti. Kisha akafungua sanduku. Shati lilikuwa la buluu, lile ambalo kaka alilivaa kila sikukuu mpaka kola ikapauka. Alilinyoosha mkekani, mkono mmoja, mkono wa pili. Suruali. Viatu vilikuwa vya Jumapili, kwa sababu vile vya kazi aliondoka navyo, na vilikuwa vimepakwa rangi upya. Alipomaliza akakaa upande wa kichwa. Mikekani walikuwapo tayari wanawake kadhaa ambao hatukuwajua, na aliyekuwa karibu akamuuliza mama swali lile nililoulizwa mimi kila siku.

"Mutoto yangu," mama alisema. "Ule wa kwanza."

Ndipo akalia. Mama yangu alizaliwa Aveba, amelima, amezaa, amekimbia vita na watoto mgongoni, na katika yote hayo sikuwahi kusikia sauti ile ikimtoka. Alimwita kaka kwa jina lake la utotoni. Wale wanawake wakajisogeza mpaka wakamzunguka, mmoja akamshika mabega, mwingine akaanza kuimba polepole, na mimi nikasimama mlangoni na sandali mkononi, nikilia bila hata kujifuta.

Direkta akatokea na wageni wake. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba yule ni mama yangu na zile ni nguo za kaka yangu. Nilikuwa na hakika nimeshafukuzwa kazi, na nikaona hainihusu kitu. Direkta alivaa miwani, akatazama vile viatu vya Jumapili, akaivua. Aliwaambia wageni wake kwamba matembezi yataendelea kwenye chumba cha madumu, na akaufunga mlango wa korido nyuma yao.

Msanii alikuja mbio kutoka uani. Sijui alitegemea kukuta nini. Alisimama kidogo, akaniuliza jambo moja tu: moto uko wapi? Nikamwambia ndani hauwezi kuwashwa, vigae ni vipya. Akaingia kwa kunyata kati ya wanawake, akayabeba mafiga mwenyewe, moja baada ya jingine, akayatoa nje, mbele ya baraza, kisha akarudi kuchukua kuni. Kazi yake yote ya sanaa ikabaki viti na karatasi ukutani. Mlinzi akawasha. Wa kwanza kuleta kuni alikuwa yule wa pikipiki aliyempandisha mama. Alitelemka mtaroni akarudi na kijiti kisichotosha hata kuchemsha chai, lakini alikiweka mwenyewe. Wanaume waliokuja kutazama sanaa wakafanya vivyo hivyo, wakatoa viti nje, wakakaa.

Nilimpigia baba simu. Nilisema mama yuko Palee, na sanduku liko naye. Simu ikakatika.

Alifika jua likielekea kuzama, kwa miguu, anapumua kwa nguvu, na uso wake ule wa ugomvi. Nilijipanga kwenye ngazi. Niliamua kwamba akija kumtoa mama kwa mkono itabidi anipite mimi kwanza, na nilikuwa sijawahi kuamua jambo kama hilo dhidi ya baba yangu. Lakini hakuja kwenye ngazi. Sauti ya mama ilisikika kutoka dirishani, imekauka sasa, inamwita kaka kwa jina lile la utotoni, na baba akasimama palepale aliposikia.

Watu wa motoni hawakumjua. Walimsogezea kiti, kama anavyosogezewa muzee yeyote, kisha wakamtazama mikono. Ilikuwa mitupu. Naye akaitazama. Msanii akataka kumpa kipande cha kuni kutoka kwenye rundo. Mlinzi akamzuia kwa kidole.

Baba aligeuka akaondoka. Nilidhani anarudi nyumbani, na nikakaa kwenye ngazi. Kumbe alikwenda ubavuni mwa jumba, pale mafundi walipolundika mbao za paa la zamani. Alichagua kwa muda mrefu, kama anavyochagua kila kitu sokoni; alichukua kipande kimoja akakirudisha, akachukua kingine kilichokuwa kizito zaidi. Akaja nacho kifuani. Akainama, akakiingiza kati ya mafiga, akangoja mpaka kimeshika moto. Ndipo akakaa kwenye kile kiti.

"Mwambie mama yako nimefika," aliniambia.