Roketi Inafukizwa

Nimenunua mjini Katoro kile kifaa cha kutoa mvuke chumbani, chenye umbo la roketi. Muuzaji aliniuliza, "Ya mtoto, mama?" Nikamwambia ni yangu. Nimekijaza maji, nikadondoshea mafuta ya mkaratusi, na harufu ilipopanda tu nikajikuta chini ya blanketi la bibi.

Nilikuwa mtoto mdogo, nina mafua makali. Bibi alichemsha majani ya mkaratusi, akaniketisha mbele ya sufuria na kunifunika gubigubi. Kwa kawaida ningelia nitolewe. Siku hiyo nilitulia, kwa sababu jana yake, kwenye banda la video, nilikuwa nimeona roketi. Kabla haijaruka ilizungukwa na mvuke mweupe, nami nikawaambia wenzangu kwamba inafukizwa ili ipate nguvu za safari. Walinicheka njia nzima hadi nyumbani. Wacheke. Mpaka leo sijafuta hata neno moja.

Kaka yangu akainama karibu na blanketi. "Wewe roketi, unakwenda wapi?"

"Mwezini."

"Wasichana hawaendi huko. Wewe utaenda lamboni na ndoo yako."

Nikasimama na blanketi kichwani, mvuke ukinitoka miguuni na jasho likinichuruzika, nikakatiza uwanja huku kuku wakitawanyika.

"Bibi, anatoroka!" kaka akapiga kelele.

Bibi hata hakuinuka. "Mwache aende," akasema. Kisha akanipazia sauti mimi: "Mayu, mama yangu, ukifika huko usivue blanketi. Kuna baridi."